Mkate wa Nyama wa Vibogoyo Wawili

Njooni karibu, wenye meno na wenye mapengo. Hadithi hii ina nyama ndani.

Nyamizi alikuwa na miaka sita. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, ya juu na ya chini.

"Kibogoyo!" alimtania kaka yake, Ngassa.

"Bibi naye kibogoyo," Nyamizi akajibu. "Basi tuko wawili!"

Ni kweli. Bibi hakuwa na hata jino moja. Alikuwa na ufizi mtupu na kicheko kikubwa.

Siku moja kulikuwa na sherehe nyumbani. Baba alichoma paja zima la ng'ombe. Chwaa! Chwaa! Mafuta yalidondokea makaa, harufu ikazunguka mtaa mzima.

Watu walikula nyama, wakajilamba vidole. Nyamizi alipewa mchuzi. Bibi alipewa uji. Hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Nyamizi alimwona Bibi akiitazama ile nyama. Akaitazama weee, kisha akanywa uji wake. Nyamizi akaumia moyoni.

Asubuhi iliyofuata, kiporo cha nyama kilikuwa kwenye bakuli. Mama alikuwa anakoroga uji wa Bibi. Koro, koro, koro.

Nyamizi akasimama jikoni, mikono kiunoni.

"Meno hakuna, hamu ipo!
Leo nyama tutaila!"

"Wewe na nani?" Mama akauliza.

"Mimi na Bibi."

"Mwache Bibi wa watu. Ameshazoea uji."

"Hajazoea, Mama. Amenyamaza tu."

Mama akaacha kukoroga. Akamtazama Nyamizi.

"Haya, jaribu," akasema. "Ila kisu usiguse."

Nyamizi akachukua vipande viwili vya mkate. Akaweka nofu kubwa katikati. Akang'ata. Mkate ukakatika, nyama ikagoma.

Ngassa akacheka, kwa kwa kwa! "Kibogoyo na nyama, wapi na wapi!"

Nyamizi alitaka kulia. Hakulia! Akapiga mguu chini, pu!

"Meno hakuna, hamu ipo!
Leo nyama tutaila!"

Kwenye kona palikuwa na kinu. Nyamizi akakitazama. Akaichambua nyama kwa vidole, uzi kwa uzi. Akaitia kinuni. Akashika mchi.

"Nyama haitwangwi!" Ngassa akasema. "Kinachotwangwa ni kisamvu!"

"Leo inatwangwa."

Twa! Twa! Twa!

Jasho likamtoka. Mikono ikamuuma. Twa! Twa! Nyama ikalegea, ikalainika.

Nyamizi akaponda parachichi. Akakamulia limau. Akanyunyiza chumvi. Mama, kimyakimya, akamkatia nyanya nyembamba sana.

Nyamizi akatoa kingo ngumu za mkate. Akapaka, akajaza, akafunika. Lo! Mkate ulikuwa mnene. Aliubeba kwa mikono miwili hadi barazani, alipoketi Bibi na uji wake.

"Bibi, weka uji chini."

Bibi akauweka. Akafungua kinywa. Akafumba.

Nyam... nyam... nyam...

Wote wakamkodolea macho. Hata Ngassa.

Bibi akameza. Machozi yakamlengalenga.

"Limau limezidi, Bibi?"

"Hapana, mjukuu wangu. Ni nyama. Ni nyama kweli!"

Akang'ata tena kwa ufizi. Nyamizi naye akang'ata upande wa pili. Parachichi likawapaka hadi puani. Wakaimba, midomo imejaa:

"Meno hakuna, hamu ipo!
Leo nyama tumeila!"

"Nionjeshe basi," Ngassa akaomba.

"Wewe una meno na una mikono," Nyamizi akasema. "Shika mchi!"

Ngassa akashika mchi. Twa! Twa! Twa! Akatwanga mpaka kiporo kikaisha.

Usiku ukaingia. Nyamizi akapanda kitandani kwa Bibi, wanakolala wote wawili. Mama akaja, akaketi ukingoni.

"Mama," akamwambia Bibi, "kesho ungependa kula nini?"

Ilikuwa imepita miaka mingi tangu Bibi aulizwe hivyo.

Akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Samaki. Na mahindi ya kuchoma. Na maharage ya nazi. Na karanga. Na ile nyama, tena..."

Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia mkono wa pili. Nyamizi alipitiwa na usingizi kabla Bibi hajamaliza.