Fundi wa Hallonbergen

Jumamosi ile uwanja wa Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, ulikuwa umefurika wanunuzi wa ndizi za kupika na kina mama wenye vigari vya watoto. Thomas alipenya katikati yao amekumbatia kompyuta iliyokufa. Ndiyo aliyoitumia kuhariri video za harusi, na bila hiyo hakuwa na kazi, lakini pawasaplai yake, kile kisanduku cha kuipa umeme, ilikuwa imekufa; ilikuwa nyembamba ajabu na kila duka lilimwambia za aina hiyo hazipo tena.

"Kaka, unaipeleka wapi hiyo?"

Aligeuka. Msichana wa koti la manjano, nywele kazifunga kitambaa cha kitenge, bisibisi ikichungulia mfukoni.

"Kuitupa."

"Alltså, yaani watu mnatupa vitu kama hamna akili! Nipe. Mimi ni fundi."

"Ukishindwa?"

"Nitakununulia chai."

"Ukiweza?"

"Utaninunulia wewe, na maandazi juu."

Chai waliinywa kabla bisibisi haijagusa skrubu. Msichana huyo, Theresia, alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Hjulsta, wazazi wake Watanzania, mdomo haulali. Theluji ya kwanza ilipoanguka Thomas alikuwa ameshapewa ufunguo wa nyumba yake na jina la "laazizi". Pawasaplai peke yake ndiyo iliyobaki mezani imefunguliwa, kimya.

Tatizo lilionekana kuwa chipu inayoiongoza, kidude cheusi chenye miguu pande mbili. Haikuwa na jina la kiwanda, ila namba tu: 2003. Theresia hakuwahi kuiona. Akampigia Roméo, Mkongo wa Hallonbergen aliyesoma naye ufundi.

Hapo ndipo Thomas alipoanza kuharibikiwa. Kila jioni alisikia kutoka jikoni:

"Roméo, umeiona picha? Hapana, upande wa pili! Sluta, acha bwana, utaniua kwa kicheko!"

Thomas alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi zamani.

"Huyo Roméo hana mke?"

"Hana. Wivu huo, baba."

"Sina wivu." Alikuwa nao, tena mwingi. "Aliwahi kukutaka?"

"Aliwahi kuniposa, nikakataa. Umeridhika?"

Hakuridhika hata kidogo.

"Si utafute tu hiyo namba mtandaoni?"

"Namba si kitu, laazizi. Viwanda viwili vinaweza kuandika namba hiyohiyo kwenye vitu tofauti kabisa. Tunafuata nyaya. Wa kijani unaiamuru iwake, wa kijivu unasema umeme uko sawa. Tukiona kila waya unaishia kwenye mguu upi, tutajua chipu inafanya kazi gani."

Thomas alisikia neno moja tu: *tunafuata*. Yeye na nani?

Akaitafuta namba mwenyewe. Akapata chipu yenye 2003 mgongoni, miguu idadi ileile, akaiagiza huku anatabasamu kama aliyeshinda kesi. Theresia alipokuwa kazini akang'oa ile ya zamani, akalehemu hii mpya, akachomeka umeme.

Ililia paa! Moshi ukatanda hadi dirishani.

Theresia alirudi akaukuta haujaisha. Hakuvua hata koti.

"Nani kakuambia uiguse?"

"Nilitaka usimhitaji tena yule."

"Kazi yangu ya wiki zote hizi, Thomas! Umeiunguza kwa ajili ya mtu niliyemkataa?" Machozi yalimlengalenga. "Acha ufunguo. Chukua kompyuta yako na vipande vyake. Na usinipigie."

Alipiga. Hakupokea. Alipiga tena, simu ikazimwa. Thomas hakula, hakulala, akaona kwamba kumpoteza Theresia ni jambo moja na kuiharibu kazi ambayo Theresia aliipenda ni kosa jingine juu yake. Basi akameza kiburi, akabeba pawasaplai na ile chipu aliyoing'oa, akapanda treni hadi Hallonbergen.

Roméo alifungua mlango. Mrefu, sweta jeupe, ananukia vizuri. Thomas aliyachukia yale manukato papo hapo.

"Njo weye Thomas? Ingia, ndugu."

Roméo aliweka pawasaplai na ile chipu ya zamani chini ya taa, akafuata nyaya kwa ncha ya kipimo, taratibu.

"Hii iko muzima, mon frère. Ulitoa muzima, ukaweka ya kazi ingine. Mubaya ni hii kapasita ya pembeni, hii kakopo inachunga umeme. Ilikuwa inapasha chipu habari ya uongo, chipu ikakatala kuwaka."

"Nitengenezee, tafadhali."

"Hapana. Ni kazi ya Theresia. Mupelekee." Roméo alizima taa. "Miye akiniita, ni juu ya chipu tu. Akimaliza chipu, anaanza: Thomas hivi, Thomas vile. Unazani ni nani anapashwa kuwa na wivu?"

Thomas alikusanya vipande vyake, akatoka.

Hjulsta, Theresia alimsikiliza mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekwenda kwa Roméo? Wewe?"

"Nimekwenda. Nilikosa, Theresia. Niliharibu kazi yako, nikakukosea na wewe."

"Kapasita imedanganya, chipu ikagoma," alisema polepole. "Kama wewe tu. Ila wewe hukuhitaji hata kudanganywa." Kicheko kikamponyoka bila ruhusa. "Lete."

Alibadilisha kapasita, akaunga njia iliyoungua, akairudisha chipu. Feni ikazunguka. Thomas akataka kumkumbatia, akasukumiwa simu.

"Mpigie Roméo umwambie."

"Mimi?"

"Wewe."

Akapiga, spika wazi. "Imewaka, ndugu yangu. Asante sana."

"Njo vizuri. Na Theresia, amekusamehe?"

Thomas akamtazama. Theresia alimshika mkono, akauminya, akainamia simu.

"Nimemsamehe, Roméo. Na akiniposa, nitakubali. Mwambie aache kunikodolea macho, aseme."

"Nitakuoa," Thomas alisema, sauti ikimkatika. "Hata kesho."

Wakasikia pumzi ya Roméo, kisha kiti kikivutwa.

"Félicitations, hongera," alisema hatimaye, na Thomas, aliyeomba kwa muda mrefu siku ya kumshinda mtu huyu, akatamani simu ingekuwa imekatika.