Mwanamke wa Ndani ya Nta

— Nani huyo anayekuimbia humo ndani?

Fundi saa alifungua mlango nusu, akaziba uwazi kwa kiwiliwili chake.

— Hakuna mtu, mke wangu. Ni gramafoni tu.

— Gramafoni gani? Anaimba, anagombeza, nawe unacheka kama umetekenywa!

Mlango ukafungwa. Mke, fundi cherehani, akarudi kwenye ushonaji wake. Kwa miaka thelathini alikuwa amezivumilia gramafoni kuukuu za shule alizokusanya mumewe, kama mke mwenza. Zilikuwa saba, za miguu ya chuma na magurudumu, ili mwalimu azisukume darasa hadi darasa. Lakini kufungiwa mlango? Hilo lilikuwa jipya.

Kesho yake simu ya mume ikalia mezani, mwenyewe anaoga. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Mkuu, mjane aliyemuuzia ile ya saba:

"Fundi, sauti imetoka vizuri? Mkeo asijue bado."

Mke akausoma. Akampigia dada yake.

— Dada, ndoa yangu imeingiliwa!

— Na nani tena?

— Mwalimu! Sauti yenyewe kama mbuzi kabanwa na mlango!

— Mdogo wangu, wivu ni moshi. Utatoka machozi na moto usiuone.

— Nimeusikia kwa masikio yangu!

Mume alipokwenda kazini, mke akaingia kile chumba. Gramafoni ya saba ilikuwa imevikwa nta yake ya kunasia sauti, mfano wa kikombe kisicho na kitako. Alishamwona mume akifuta sauti za zamani. Basi akazungusha mpini, akaegesha kisu kidogo cha kukwangulia, akakwangua polepole kwa mkono wa mshonaji, mpaka nta ikang'aa.

Jioni:

— Nani kagusa nta yangu?

— Mimi! Nimemfuta hawara yako. Mwambie mwalimu wako aje aimbe tena, mbele yangu!

Fundi akajishika kichwa.

— Mama watoto, mwalimu alinipa nta tu. Niliisukuma mashine mpaka dirishani, wewe uko kwenye cherehani unaimba, nikainasa sauti yako. Keshokutwa ndoa yetu inatimiza miaka thelathini. Ilikuwa zawadi yako.

— Mwongo! Mimi sauti yangu siijui?

— Huijui. Nani anayeijua ya kwake? Katikati uzi ulikukatikia, ukaugombeza: "We uzi, leo umeamkia upande gani?" Hapo ndipo nilipocheka nikiisikiliza.

Kweli, uzi ule aliukumbuka.

— Kwa hiyo... nimejikwangua mwenyewe?

— Tena umekwangua vizuri kuliko mimi. Nta iko laini, inasubiri. Imba basi.

Akavuta kiti mbele ya pembe kubwa ya gramafoni. Akakohoa. Akarekebisha kanga. Akakohoa tena.

— Baba watoto, yule wa kwanza alikuwa anaimba vizuri kweli?

— Sana. Alikuwa hajui kama anasikilizwa.

Akabetua midomo.

— Basi huyo bado namwonea wivu. Zungusha mpini.