Mtahiniwa Namba Ishirini

Siku ya kwanza namba ishirini alipoitika, Mwalimu alikuwa ameshamtia alama ya vema ndipo akakumbuka kwamba namba ishirini hayupo duniani.

Ilikuwa "Nipo" ya adabu, sauti ya mtoto aliyelelewa akaleleka, nayo ilitoka pembe ya nyuma, penye kiti kitupu na kompyuta isiyo na waya wa umeme. Mwalimu aliinua macho. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wameinamia mashine zao, kila mmoja akisaka herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mchele. Alijiambia kuna mjuba anamchezea, akafunga daftari la mahudhurio na kuendelea na somo la siku hiyo, ambalo lilikuwa namna ya kuhifadhi kazi ili isipotee.

Kozi ile ya biashara na kompyuta alikuwa ameipigania miaka minne. Ilifanyika alasiri, masomo ya kawaida yakishaisha, katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Zima-Washa, kwa sababu mashine ikigoma, kwa ugonjwa wowote ule, tiba yake ilikuwa moja. Kisha ukaja waraka kutoka ofisi ya elimu, wenye mihuri miwili, ukisema kuwa kozi yenye wanafunzi pungufu ya ishirini haitatambuliwa na vifaa vyake vitahamishiwa kwingine. Mwalimu alilihesabu darasa mara tatu, kana kwamba huenda mmoja amejificha chini ya meza. Wakabaki kumi na tisa.

Mkuu wa shule alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugonga mihuri kwenye vyeti.

"Usome vizuri huo waraka, Mwalimu," alimwambia. "Hawajaomba watoto. Wameomba orodha."

Basi Mwalimu alikaa na fomu ya usajili akamzaa mwanafunzi kwa kalamu ya wino. Alimtungia jina. Penye tarehe ya kuzaliwa aliandika tarehe thelathini Februari, kwa uchovu, na fomu ikapita mikononi mwa maofisa wanne bila mmoja wao kushtuka. Penye mlezi alijaza jina lake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumtwika uongo huo, na penye makazi akaweka vyumba vyake viwili vya nyuma ya shule, alikoishi peke yake. Saini ya mtahiniwa aliitia kwa mkono wa kushoto. Fomu ikarudi imekubaliwa, na kila alasiri akawa anamwita namba ishirini kimoyomoyo na kumtia vema, maana mkaguzi angeweza kuingia saa yoyote.

Kimoyomoyo. Hilo ndilo lililokuja kumnyima raha, kwamba siku ile alipoitikiwa hakuwa amefungua mdomo.

Wiki iliyofuata kukaanza mlio. Wanafunzi walipokuwa wakidonoa, nyuma yao kulisikika mtu anayechapa kwa vidole kumi, haraka na kwa mfululizo kama mvua juu ya bati. Wakigeuka, kimya. Chumba nacho kikashika harufu, ya nywele zilizoungua na juu yake kitu kitamu kama asali, harufu ambayo iliwafuata mpaka nyumbani kwenye kola za mashati. Mwanzoni walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana wa kiti cha kumi na tisa, jirani kabisa na pembe ile.

Huyo alikuwa binti wa dada yake Mwalimu. Nyumbani alimwita Mjomba, darasani Mwalimu, wala hakuwahi kuchanganya. Alikuwa na mpango wa kufungua kibanda cha kuchapa na kudurufu, na alikuwa na mdomo. Mashine yake ilipokufa aliuliza kwa upole, "Mwalimu, hii tumeizima na kuiwasha mara saba. Sasa tuizime, au tuizike?" Darasa zima lilianguka kicheko, Mwalimu naye akageukia ubao ili asionekane.

Kisha akaacha kutania. Siku moja alisahau neno la siri la kufungulia kompyuta yake, ambalo lilikuwa jina la utani aliloitwa na mama yake tangu utotoni. Mwalimu alimtajia. Msichana alimtazama kama mtu anayetajiwa jina la mtaa wa mji asioujua. Siku mbili baadaye alikuwa anachapa kwa vidole kumi, macho yamefumbwa, jambo ambalo Mwalimu hajamfundisha kwa sababu yeye mwenyewe haliwezi.

Ijumaa ilikuwa siku ya kukabidhi mipango ya biashara. Kumi na tisa walitoa kazi zao, na baada ya kazi ya mwisho printa ikajikohoza na kutoa karatasi ya ishirini. Pambizo zilinyooka, vichwa vya habari vilikolezwa, nafasi kati ya mistari ilikuwa ile ile aliyoifundisha, na kwa mazoea mkono wake ulikuwa umeshaandika tisini na tano pembeni kabla macho hayajaanza kusoma.

*Jina la biashara: Makazi. Mtaji: jina, siku ya kuzaliwa, kiti. Mahali: msichana wa kiti cha kumi na tisa. Mshindani: mmoja, kwa sasa yumo ndani, anadhoofika. Siku ya kufungua: siku ya mtihani.*

Mtihani ulikuwa baada ya siku sita.

Jumatatu Mwalimu aliingia darasani na nia ya kumfuta namba ishirini daftarini. Umeme ulikuwa umekatika, mvua inanyesha, skrini zote nyeusi. Alianza kuita majina kwa sauti, taratibu, namba moja, namba mbili, akisikia "nipo" za watoto zikija kwa uvivu wa siku zote, na kadiri alivyozidi kushuka kwenye orodha ndivyo harufu ilivyozidi kupanda, ya nywele na asali, mpaka ikamkaa ulimini, na alipofika kumi na tisa akamwita binti wa dada yake kwa jina lake kamili, na binti wa dada yake, aliyekuwa amekaa mbele yake amenyooka na mikono juu ya meza, hakuitika wala hakupepesa, ila kutoka kwenye kiti kitupu cha pembeni yake, chini kabisa, kama mtu anayenong'ona akiwa ndani ya debe, ikaja sauti yake, ile ile ya masihara na ya kuuliza tuizime au tuizike, ikasema, "Nipo hapa, Mjomba," na Mwalimu, ambaye alijua hakuna njia ya kuliruka jina linalofuata maana lilikuwa limeshapanda lenyewe mpaka kwenye meno, akaliita la ishirini, na msichana akainua uso, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Nipo."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliwaambia waende nyumbani. Waliondoka bila kugombania mlango, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu shule ijengwe.

Jioni ile ile, kabla giza halijaingia, dada yake alimfunika bintiye kanga mabegani na wote watatu wakaenda kwa mganga. Dada hakumlaumu. Alisema tu njiani kwamba mtoto wake tangu juzi anajibu "ndiyo, mama" kwa kila kitu, na kwamba mtoto wake yeye hajawahi kusema ndiyo mara mbili kwa siku moja.

Mganga alikuwa mama mstaafu. Kabla ya uganga alikuwa karani wa masijala kwa miaka ishirini na sita, na bado alipanga dawa zake kwenye mafaili. Alimwangalia msichana kidogo tu, kisha akamtaka Mwalimu aeleze, na Mwalimu akaeleza yote, hata mkono wa kushoto.

"Wengine huvamiwa," alisema mganga. "Wewe umealika. Jina umempa, kiti umempa, mlezi umempa. Kuna binadamu wangapi wanaozaliwa na vyote hivyo?"

"Nilikuwa naokoa kozi, mama."

"Na ile tarehe? Umechagua siku ambayo mwana wa Adamu hajapata kuzaliwa. Sasa ulitegemea aje nani?"

Mwalimu akauliza kama hapawezi kufukizwa kitu.

"Nitafukiza nini, mwanangu? Huyu ana muhuri. Aliyeingia kwa karatasi atatoka kwa karatasi. Kamwondoe ulikomwandikisha. Na sikiliza hili, dada yako shahidi. Akishatoka atamtafuta mlezi wake. Atakuita, na atakuita kwa sauti yoyote. Siku saba usimwitikie. Asipoitikiwa siku saba huondoka kwenda zake. Ukimwitikia, umempokea."

Kesho yake Mwalimu alifika ofisi ya elimu saa mbili na kuonana na ofisa saa nane. Fomu ya Kumwondoa Mtahiniwa ilikuwa ya nakala tatu. Penye sababu palikuwa na visanduku viwili, kifo na kuhama. Mwalimu alitia alama kwenye kifo. Ofisa alimwomba cheti.

"Sina."

"Basi bado anaishi," alisema ofisa, akafuta.

Aliweka alama kwenye kuhama, akaacha wazi mahali pa kuandika aendako. Ofisa akamrudishia.

"Mtoto hahamii hewani, Mwalimu. Andika shule."

Kalamu ilining'inia. Ziko shule nyingi. Ilikuwapo ya jirani, ambayo mwalimu wake wa kompyuta alikuwa na mashine arobaini zenye nyaya zote na alikuwa amemcheka hadharani. Herufi ya kwanza ya shule hiyo ilikuwa imeshakaa kwenye karatasi. Kisha akazifikiria zile mashine arobaini, na kwamba mbele ya kila moja hukaa mtoto wa mtu. Akaikata herufi ile, akaandika: *Anarudi kwa mlezi wake.*

Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama kozi sasa itafutwa. Ofisa alicheka kidogo. Waraka, alisema, unahesabu waliosajiliwa. Waliobaki hauna habari nao. Kisha akageuza karatasi kutafuta saini ya mtahiniwa, akaikuta. Wino ulikuwa mbichi. Ofisa alinusa hewani, akasema kuna waya unaungua mahali, akagonga muhuri.

Siku ya mtihani msichana alikaa kiti chake na kuchapa jina lake kwa kidole kimoja, akinung'unika kwamba kuna mtu ameihamisha herufi ya K. Kiti cha ishirini kilikuwa kitupu, na utupu wake ulikuwa wa kawaida. Mwalimu alitoka nje akasimama kwa muda nyuma ya jengo, akijifanya anakagua bomba la mvua.

Nyumbani hesabu ya siku saba ilikuwa imeanzia ofisini. Siku ya kwanza aliitwa kutoka chumba cha ndani kwa sauti ya dada yake, ikilia. Hakuitika. Ya pili ilikuwa ya mkuu wa shule, ikimtaka na funguo, naye akaziba masikio kwa pamba. Ya tatu alisikia kuchapa usiku kucha juu ya meza isiyo na mashine. Ya nne na ya tano mlango uligongwa na watu waliojitambulisha kuwa wakaguzi, wakataja namba ya barua yao, na hilo lilimwia jepesi, maana wakaguzi hakuwahi kupenda kuwafungulia. Ya sita hakukuwa na kitu kabisa, ila harufu.

Siku ya saba, alasiri, alikaa mezani na mitihani ya vitendo kumi na tisa. Jua lilikuwa bado juu, na uwanjani watoto walikuwa wanapiga mpira. Binti wa dada yake alikuwa amepata themanini na mbili, halali. Mwalimu aliandika alama hiyo, akaizungushia duara, akajisikia mwepesi kuliko alivyojisikia tangu muhula uanze. Zilibaki kama saa mbili jua lizame na siku saba ziishe. Alichukua karatasi iliyofuata.

Nyuma yake mlango wa chumba cha ndani ulifunguka taratibu, kama unavyofunguliwa na mtoto anayejua mkubwa ana kazi.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema sauti ya adabu.

"Marahaba," alisema Mwalimu bila kuinua kichwa, na akasahihisha swali zima la kwanza kabla kalamu haijasimama.