Kigoda Chenye Ufa

Kwaruu, kwaruu! Hata kabla hujaiona karakana, ungeusikia msasa. Msumari, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake, alikuwa akilainisha meza, kama alivyofanya kila alipotoka shuleni. Baba yake, seremala, aliunda samani kwa mbao zilizopinda na zenye vifundo, zilizotupwa na viwanda.

"Fundi! Wewe fundi!" Mshonaji jirani aliingia akichechemea, kigoda kilichopasuka mkononi. "Umeniuzia takataka! Nimeketi tu, pu, niko chini! Wateja wamenicheka!"

Baba aliinuka, mishipa ya shingo imemtoka. "Takataka? Dada, kutupwa si kuoza! Mbao zangu nazichagua kipande kwa kipande. Usinivunjie heshima mbele ya mwanangu!"

"Heshima gani, na mimi nimevunjika kiuno?"

Baba alikinyakua kigoda, akakipindua. Alipokwangua vanishi kwa ukucha, unga wa mbao uliochanganywa na gundi ulimomonyoka. Chini yake palikuwa na ufa mrefu wa zamani. Akamgeukia Msumari, kwani ndiye aliyekimalizia.

Msumari aliutazama ufa. Angeweza kuisingizia mbao. Lakini hapo wale waliomwita "binti jalala" shuleni, kwa sababu ya mbao za baba zilizotupwa, wangekuwa wameshinda.

"Ni mimi, baba. Niliuficha ufa. Nilitaka kifanane na vya dukani, wasinicheke."

"Kumbe!" Baba alifoka. "Mbao imekuambia ukweli, wewe ukaiziba mdomo! Na mimi nikamgombeza mtu mwenye haki. Dada, nisamehe."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," mshonaji alidakia. "Huyu kaziba, mimi nikaota nundu!"

Msumari hakuthubutu kucheka. Aliunganisha upya pande mbili za ufa kwa gundi, akachonga kipande cha mbao ngumu chenye umbo la kipepeo, akakipachika kukatiza ufa ili kizibane. Safari hii hakuficha kitu.

Kesho yake mshonaji aliketi kwa hadhari, akajitikisa, kisha akaruka kidogo kwa makusudi. Kigoda hakikulia hata kidogo. "Mh! Kipepeo kimenipendeza kuliko kigoda chenyewe."

"Umeona, mwanangu?" Baba alisema. "Ufa si aibu. Aibu ni kumkalisha mtu juu ya uongo."

Msumari alimtazama mshonaji usoni. "Shangazi, nakuahidi: kila ufa nitakaoukuta, utauona kabla hujaketi."