Mgongo wa Mama

Merveille alikuwa amezoea kuamka katika nyumba tupu. Mama yake, Jeanne, alitoka alfajiri kwenda kwenye kiwanda cha dobi, mahali zinapofuliwa shuka za hoteli, na kabla ya kutoka aliacha chupa ya chai mezani, maandazi yaliyofunikwa kwa sahani na sare ya shule iliyopigwa pasi. Merveille alikunywa chai peke yake, akafunga mlango kama alivyofundishwa, akaenda kituo cha basi cha Northfield. Jioni Mama alirudi hoi, akala kidogo, akalala. Chai ilikuwa tamu siku zote, lakini chai haina mazungumzo.

Walikuwa wawili tu. Baba alifia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Merveille akiwa bado anabebwa mgongoni, na baadaye mama na binti wakaletwa Birmingham, Uingereza. Ndugu wa damu hawakuwa naye katika mji huu. Waliyekuwa naye ni Mama Magdalene, mjane mtu mzima aliyekuwa jirani yao kambini, ambaye sasa alikaa Longbridge na mwanawe Djo. Ndiye aliyempokea Merveille kwa mikono yake usiku aliozaliwa, mvua ikinyesha na mkunga hayupo. Jeanne alimwita dada. Kila Jumapili walisimama bega kwa bega katika kwaya ya kanisa, Jeanne akianzisha nyimbo na Magdalene akiitikia kwa sauti yake nzito.

Shuka zilizolowa maji ni nzito kuliko zinavyoonekana. Jeanne alizinyanyua na kuzipakia mwaka hata mwaka, na majira ya baridi yalipofika mgongo ukaanza kumlalamikia, kisha shingo nayo ikafuata. Alijikanda kwa maji ya moto na kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Jeanne hakutaka kusumbua mtu. Ni siku aliposhindwa kuinama kufunga kamba za viatu ndipo alipokubali kwenda kliniki, akampeleka Merveille ili amtafsirie.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliitwa Kiran, mwanamke wa Kipunjabi mwenye sauti ya upole. Kwanza alisema atampigia simu mkalimani, maana kazi ile haimfai mtoto. Merveille alipomweleza Mama, Mama alitikisa kichwa.

"Hapana. Ile siku nyingine mkalimani alikuwa mutu wa kanisa yetu, na Jumapili kila mama alikuwa anajua magonjwa yangu. Utasema wewe."

Kiran alisisitiza, Mama akakataa tena. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kwa Wakongomani wengi wa mji ule. Watoto wanaojua Kiingereza ndio waliobeba maneno ya wazazi wao shuleni, benki na hospitalini, na hakuna aliyejiuliza maneno hayo yana uzito gani kwa mtoto. Hatimaye Kiran alikubali shingo upande. Alimlaza Jeanne kitandani, akamwinua mguu mmoja baada ya mwingine, akamgonga magoti kwa kinyundo kidogo, akamgeuza shingo polepole huku na huku. Kisha akamgeukia Merveille.

"Mwambie mama mgongo wake haujavunjika, na hahitaji kupasuliwa. Misuli imechoka na kukaza. Asijilaze siku nzima, maana kulala sana kutamzidishia. Atembee kidogo kidogo kila siku, afanye mazoezi haya nitakayomwonyesha, na kazini aombe kazi nyepesi kwa muda. Itachukua majuma kadhaa, lakini atapata nafuu."

"Anasema nini?" Mama aliuliza. "Wanataka kunikata?" Kaka yake alipasuliwa mgongo kule kwao Uvira, Kongo, na hakusimama tena. Tangu hapo kisu cha daktari ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote.

Merveille alimtazama mama yake. Mawazoni akaiona chupa ya chai juu ya meza ya nyumbani, na kiti cha pili kisicho na mtu. Akawaza juu ya majuma machache tu, Mama akiwa nyumbani.

"Hakuna kukatwa, Mama," alisema. "Amesema ulale. Usiende kazini, usitembee, usisimame sana, mpaka mgongo upone."

"Na hii mazoezi?" Mama aliuliza, akimwonyesha Kiran aliyekuwa ameanza kuinua goti ili amwonyeshe.

"Hiyo ni ya baadaye. Ukishapona."

Nusu ilikuwa kweli na nusu ilikuwa uongo, na uongo wa namna hiyo humezwa kwa urahisi. Mama alipumua, akamshukuru Kiran kwa kichwa. Kiran akatabasamu akidhani ameeleweka.

Siku za kwanza zilikuwa za raha, tusifiche. Merveille alirudi kutoka shuleni akakuta taa inawaka na kuna mtu wa kumwitikia hodi. Alipanda kitandani kwa Mama, akasukwa nywele, akasimuliwa habari za ziwa la kwao na za bibi asiyewahi kumwona. Alijiambia kwamba amefanya jambo jema. Mama amechoka, anapumzika. Kuna ubaya gani?

Ubaya ulikuja taratibu. Mgongo uliolazwa ukawa mgumu. Mama alirundika mito ili aione simu yake, na shingo ikazidi kuuma mpaka akawa anageuza mwili mzima kutazama mlango. Safari ya kwenda chooni ikawa kazi. Aliacha kuimba, kwanza kwa sauti, kisha hata kwa kuguna. Merveille akirudi alikuta taa imezimwa na Mama ametazama ukuta.

"Mama, labda uamke kidogo," alisema siku moja.

"Na neno ya munganga?" Mama alimjibu. "Nikivunja neno ya daktari nitabaki kilema, na wewe utabaki na nani?"

Hapo ndipo pa kusema. Merveille akaenda kuosha vyombo.

Kisha Mama Magdalene akaugua. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani, na sasa madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani akae na mwanawe, maana hapakuwa na lingine la kufanya. Alipiga simu mchana wa Jumamosi. Merveille ndiye aliyeishika simu karibu na sikio la Mama, kwa sababu mkono wa Mama ulichoka upesi.

"Jeanne, mudogo wangu. Mi niko mubaya. Njoo nikuone."

Mama alilia. "Dada, munganga alinikataza kusimama. Univumilie kidogo. Nikipona, mtu wa kwanza ni wewe."

Wakasikia anavyovuta pumzi. "Si kitu," Magdalene alisema. "Lala vizuri."

Merveille alisikia yote. Simu ilikuwa mkononi mwake. Angesema neno moja, Mama angejikongoja mpaka kituo cha basi, hata kwa kushikwa. Lakini uongo ukishalala siku nyingi unakuwa mzito kuunyanyua. Alijiahidi kusema kesho. Kesho ikawa na kesho yake, na kabla ya juma kwisha Mama Magdalene akafariki dunia.

Siku ya matanga Mama alijaribu kuamka. Alifika ukingo wa kitanda, mgongo ukamkamata, akarudi chini akiuma kitenge chake asipige kelele. "Nenda wewe," alimwambia Merveille. "Peleka sukari na majani ya chai. Uwaambie nimefungwa hapa."

Watu walikuwa wametoka makaburini, na nyumba ya Longbridge ilikuwa imejaa. Viti vilikuwa vimetolewa, wanawake wa kwaya wameketi chini kwenye mikeka, na wimbo ulianza ukakatika, ukaanza tena ukakatika. Mama Lucie, aliyekuwa akimuuguza marehemu, alipokea sukari akamvuta Merveille karibu.

"Unaona? Wimbo umekosa mwenye kuuanzisha," alisema. "Mama yako angekuwa hapa. Magdalene naye, siku za mwisho, macho yake ilikuwa kwa mulango tu. Kila mutu akiingia anauliza, 'Ni Jeanne?' Tunasema hapana. Anangoja tena."

Merveille hakungoja chai. Alitoka, akapanda basi, akalia njia nzima huku amegeukia dirisha. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, watu husema. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu na mjukuu huyo alikuwa amekwisha kumpanda mgongoni.

Alimkuta Mama yu macho. Kabla hajasema, Mama alianza yeye. "Nimewaza. Wanikate tu. Tukirudi kliniki utawaambia wanikate. Afadhali kisu kuliko kukosa kuzika dada yangu."

Merveille alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nilikudanganya. Kiran hakusema ulale. Alisema utembee. Alisema mgongo haujavunjika, na ukilala sana utazidi. Nilitaka ukae nyumbani na mimi. Nilitaka hivyo tu."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alisema, "Rudia. Vile alisema, yote." Merveille akarudia, safari hii bila kupunguza wala kuongeza, na kila neno lilimchoma. Alipomaliza, Mama alisema kwa sauti ndogo, "Magdalene ni yeye alikupokea." Akageukia ukuta.

Asubuhi Merveille aliamka akasikia kitu kinakwaruza sakafu. Mama alikuwa amesimama, ameshika kiti, anakisukuma mbele na kukifuata. Jasho lilimtiririka. Alifika mlangoni, akapumzika, akarudi. Kisha akachukua simu, akaipigia kliniki mwenyewe, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akaomba mkalimani.

Mkalimani alikuwa mama wa Kitanzania ambaye hawakumwona, sauti tu kwenye simu juu ya meza. Merveille aliketi pembeni mikono mapajani, akasikia maneno yanayopita bila kupitia kwake. Mama alieleza yote yaliyotokea. Kiran aliinamisha kichwa.

"Nilipaswa kusimama imara siku ile," alisema. "Pole sana, Mama."

Alimpima upya. Akaeleza kwamba kwa maumivu kama yake upasuaji hausaidii, na kwamba mwili uliokaza hulegezwa kwa kutumiwa kidogo kidogo. Akamfundisha kulala chali na kuvuta goti moja kifuani, kisha la pili, polepole. Akamwonyesha kurudisha kidevu nyuma ili shingo inyooke, kulalia mto mmoja badala ya mlima wa mito, kujikanda kwa chupa ya maji ya moto, na kukunja magoti anaponyanyua kitu. "Kutauma kidogo mwanzoni, na hiyo si dalili ya kuvunjika. Lakini miguu ikifa ganzi au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali saa ile ile."

"Basi haukuvunjika?" Mama aliuliza.

"Haujavunjika," sauti ya mkalimani ilijibu. Mama alifunika uso kwa kitenge akalia, na Merveille alijua halii kwa ajili ya mgongo.

Wakaanza. Siku za mwanzo walifika geti, kisha kona, kisha maduka ya Northfield. Kuna siku maumivu yalirudi, Mama akakaa kwenye benchi na kusema hawezi, na kesho yake akaweza. Kiwandani walimpa kazi ya kukunja taulo, ya kukaa na kusimama. Chupa ya chai ikarudi mezani. Merveille aliinywa peke yake wala hakunung'unika, ila jioni walitembea pamoja, na hayo yakawa mazungumzo yao.

Jumamosi moja ya majira ya kuchipua Mama alijifunga kitenge cha kwaya. "Leo twende Longbridge," alisema. "Kwa miguu."

Walikwenda polepole, wakipumzika njiani, mpaka wakapita maduka yaliyojengwa palipokuwa kiwanda cha magari, wakaingia mtaa wa Mama Magdalene. Mama alisimama mbele ya mlango. Alitazama nyuma, njia waliyotoka, akasema, "Ona. Ni karibu hivi. Ningefika."

Merveille akabisha hodi. Djo alifungua, akawakaribisha, akamwonyesha Mama chumba. Kitanda kilikuwa bado pale, kimeelekea mlangoni. Mama hakukaa. Alisimama wima katikati ya mlango ule, akaanzisha wimbo ambao wanawake walishindwa kuuanzisha siku ya matanga. Alipofika mahali ambapo Magdalene alikuwa akiitikia, alinyamaza. Merveille akaitikia, kwa sauti nyembamba isiyofanana hata kidogo na ile iliyopotea, na wakaumaliza wote wawili.

Nje, Mama alimshika bega.

"Nimekusamehe tangu siku ile, na mimi pia nina kosa langu. Niliogopa midomo ya watu, nikakubebesha mzigo ya mutu mukubwa. Lakini usikilize, mwanangu. Kweli uliyosema imeniponesha mimi. Ni ile ile kweli uliyokuwa nayo kinywani tangu kliniki. Ungeisema siku ile, ingetosha mimi na Magdalene. Ulipoichelewesha, ilibaki ya mutu moja."

"Ndiyo, Mama," Merveille alisema, kwa Kiswahili, yeye aliyezoea kujibu kwa Kiingereza.

Mama aliweka mkono kiunoni, akanyoosha mgongo. "Haya, twende. Kiran alisema nisisimame sana mahali pamoja." Wakashika njia ya kurudi Northfield, na Merveille akapunguza hatua zake zilingane na za mama yake.