Beseni la Kibirizi

Maji hayakushuka.

Leonia alikuwa amemtoa mtoto kwenye beseni jipya na kumkalisha juu ya khanga. Akageuka kumwaga maji, akasita. Alipomtia Elikana majini, maji yalipanda upana wa vidole viwili. Sasa Elikana alikuwa nje, juani, anatafuna pindo la khanga, na maji yalikuwa juu vilevile, kana kwamba humo ndani bado kulikuwa na mtoto.

Alichungulia. Palikuwa na povu tu. Akamwaga, akajiambia kwamba macho yake yamechoka.

Elikana alikuwa na miezi kumi. Beseni dogo la kijani aliloogea tangu kuzaliwa lilikuwa halimtoshi tena. Akikaa, magoti yanagusa kidevu; akilazwa, miguu inaning'inia nje. Happiness, jirani yao pale mtaa wa Buzebazeba, hakuacha kumtania.

"Mama Eli, huyo ni mtoto au jogoo wa Krismasi? Mbona miguu haiingii sufuriani?"

Ndipo Dismasi, mume wa Leonia, mchukuzi wa magunia ya dagaa kule ufukwe wa Kibirizi, alipoleta beseni kubwa la bluu. "Nimeliokota," alisema, kisha akaomba chakula.

Siku ya pili maji hayakushuka tena. Siku ya tatu yalianza kunuka ziwa, harufu ya matope ya chini na dagaa wabichi, ingawa Leonia aliyachota bombani na kuyapasha moto mwenyewe. Siku ya nne hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, lakini maji yalikuwa yakipanda na kushuka ukingoni, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Elikana alitazama kando yake akacheka. Alinyoosha kikombe chake cha plastiki kumpa mtu, na Leonia akakiona kile kikombe chepesi kikizama, kikatulia chini, kisielee. Akamshika mtoto kwapani amnyanyue, na mtoto akaja polepole, kwa uzito, kama ndoo inayovutwa kisimani, huku akiendelea kucheka na kupungia majini.

Dismasi alipokaa kula, Leonia alimsogelea.

"Baba Eli," alinong'ona, "lile beseni lina mwenyewe?"

Tonge likabaki mkononi mwa Dismasi.

"Lilikuwa limefunikwa kifudifudi ufukweni. Lilikuwa na jiwe juu."

Pale Kibirizi kila mtu anajua. Aliyechukuliwa na ziwa, chombo chake cha kazi hufunikwa mchangani na kuwekewa jiwe mpaka matanga yaishe. Hakuna anayekigusa.

"La Honorata, yule muosha dagaa," alisema Dismasi. "Nilidhani matanga yameanuliwa. Watu walikula, wakatawanyika."

"Mwili ulionekana?"

Dismasi akalirudisha tonge sahanini.

"Nakuuliza, Baba Eli. Mwili ulionekana?"

"Hapana."

"Sasa ni matanga gani yaliyoanuliwa?"

Asubuhi Dismasi alikwenda Ujiji, akarudi na Bi Shadia kwenye bajaji. Bi Shadia alikuwa mganga, bibi mdogo wa umbo, chetezo mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyesheni."

Alilinusa beseni, akatikisa kichwa. "Huyu si Honorata. Maskini, Honorata amepumzika. Huyu ni jini. Chombo kikimngoja mtu, naye hukijia akakaa humo. Mlipoondoa jiwe, mmemfungulia mlango."

"Anataka nini kwa mwanangu?" aliuliza Leonia.

"Majini wadogo wa ziwa hawakui," alisema Bi Shadia kwa sauti ya chini. "Wanatamani kukua. Ndilo wanalolitaka kwa watoto."

Alifukiza ubani, akasoma, akalipindua beseni. Lilikuwa tupu tangu jana, lakini maji yalitoka, yakatoka, yakavuka ua mpaka njiani. Harufu ikakatika. Akalifunika kifudifudi kando ya ukuta, akaweka jiwe juu yake.

"Ametoka. Kesho mlirudishe mahali pake. Leo mwogesheni mtoto kwenye lile la zamani. Litambana, avumilie."

Alasiri, Bi Shadia alipokwisha kuondoka na bajaji, Leonia aliteka maji kidogo, akamtia Elikana kwenye beseni la kijani, taratibu, akitanguliza visigino nje kama alivyozoea, lakini visigino havikukaa nje, viliteleza ndani, na magoti hayakufika kidevuni, na alipomlaza ili aone vizuri, mtoto alinyooka wote, kutoka utosini hadi unyayoni, na bado palibaki nafasi ya kiganja, nafasi ileile iliyokuwepo siku alipotolewa wodini, na shingo, ile shingo iliyokwisha kukaza, ikalegea juu ya mkono wake.

Happiness alitokea uani akicheka. "Jogoo wetu leo mbona miguu..."

Hakumaliza.

"Baba Eli," aliita Leonia, bila kuinua macho. "Mkimbilie Bi Shadia."

Dismasi alikwisha kufika njiani. Bajaji haikuonekana.

Ndipo wote watatu wakasikia, kule ukutani, chini ya beseni la bluu, chini ya jiwe, maji yakichezewa: miguu minene ya mtoto wa miezi kumi, inapiga plastiki, inapiga, kwa furaha.