Cherehani ya Mwatum

Mwaka themanini na tano, foleni ya sabuni pale Usagara ilizunguka duka mara mbili. Mwatum, aliyejifunga kanga za zambarau, alikuwa akimwonyesha kila mtu kidude kilichovunjika. Kijana aliyesimama nyuma yake, shati jeupe limepigwa pasi, alikichungulia.

“Cha cherehani hicho, dada?”

“Ndicho kinachoshika uzi wa chini. Tanga nzima hakipatikani. Miezi miwili sishoni, na sina kazi nyingine.”

“Naitwa Shaib, fundi mitambo wa shamba la mkonge, Maramba. Naweza kukuchongea. Lakini nitahitaji kichwa cha cherehani, nikijaribie.”

“Kitakubali?”

“Sijui. Huenda nikashindwa.”

Mwatum akamtazama vizuri. Mafundi wawili walikwisha kumwapia Mungu kuwa wataweza, na wote wakamwongopea. Huyu wa kwanza kusema hajui. Akampeleka nyumbani, akampa kichwa na kidude.

“Mtu humjui kwao wala kabila!” shangazi yake, Mwanasiti, alifoka. “Umeibiwa, mwanangu!”

Walikuwa wamepatana airudishe Ijumaa. Mvua ikashika, Ijumaa mbili zikapita. Mwatum akaenda posta kupiga simu shambani.

“Shaib?” Sauti ilicheka. “Kaondoka jana na cherehani begani. Anampelekea mchumba wake.”

Mwatum alirudi nyumbani analia, na hakuwa akiililia cherehani peke yake.

Kesho yake asubuhi, hodi. Shaib alisimama mlangoni, tope hadi magotini, kichwa cha cherehani begani.

“Daraja limebomoka. Nimetembea siku mbili.”

“Mchumba wako kaikataa?”

“Mchumba gani?”

“Nimepiga simu, Shaib! Nimeambiwa!”

Shaib akainamisha uso. “Wenzangu waliniuliza navuka mto uliofurika kwa ajili ya nani. Nikawajibu, mchumba wangu. Nisamehe. Nimekusemea kabla sijakuuliza.”

Mwatum alimtua mzigo. Alikifunga kichwa mezani, akatunga uzi, akakanyaga. Mshono ukateremka umenyooka, tiki tiki tiki, hadi pindo la kitambaa.

“Basi niulize sasa,” alisema, macho kwenye sindano.

“Utanikubali, Mwatum?”

“Watume wazee kwa baba. Upesi, kabla shangazi hajakuita mwizi tena.”

Shangazi Mwanasiti, aliyekuwa kajibanza nyuma ya pazia, akapiga kigelegele hadi majirani wa nyumba ya tatu wakatoka kuuliza nani kaolewa.